Ombi la Kutambuliwa Nikingali Hai

Kwa Waheshimiwa Wote Mnaokalia Kamati za Majina ya Mitaa, Sanamu, Nishani na Stempu

Waheshimiwa,

Poleni kwa vikao. Naomba radhi kwanza kwa kuwaandikia nikiwa hai. Najua si desturi. Wateja wenu hawaandiki barua, hawapigi simu, wala hawaji kukalia benchi la ofisini wakiuliza faili limefika wapi. Ndiyo maana kazi yenu imekwenda kwa utulivu miaka yote hii, nami sina nia ya kuwavurugia.

Mimi ni mtunzi wa mashairi hapa Mombasa. Nimetungia harusi, matanga na mikutano ya hadhara. Kuna ofisi moja, jina nitaliweka moyoni, iliyoniagiza shairi la kumtukuza shujaa aliyefariki. Nikatunga, nikalisoma, watu wakasimama kwa makofi. Shujaa akapata shada la maua. Mwenye mahema akalipwa, mwenye vipaza sauti akalipwa, wapishi wakalipwa na masufuria wakaondoka nayo. Mimi nikaambiwa karatasi zangu ziko kwa mhasibu. Ziko huko hadi leo. Nikakaa nikawaza, nikang'amua kinachonikosesha: bado napumua.

Basi nimewachunguza waliofaulu mbele yenu ili nijue masharti. Kwetu washairi foleni ni ndefu kidogo. Muyaka bin Haji, ambaye Mombasa humtaja kama mtu aliyetoka msikitini sasa hivi, alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940, tena si hapa bali Johannesburg. Miaka 100 kamili, na hata hiyo ni kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi hayo na kumpa mmishenari Taylor kabla hayajafa na wazee walioyahifadhi. Kwa hesabu hiyo, hata nikijitahidi nikafa kesho alfajiri, zamu yangu ni karne ijayo.

Nikatafuta njia ya mkato, nikamkuta Dedan Kimathi, kamanda wa Mau Mau. Huyu ndiye mteja wenu bora. Serikali ya kikoloni ilimnyonga katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na shtaka lenyewe lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Miaka 50 baadaye, tarehe hiyohiyo, Rais Kibaki akazindua sanamu yake ya shaba katikati ya Nairobi. Mkono wa kulia ameshika bunduki, wa kushoto kisu. Serikali moja ilimnyonga kwa bastola moja. Nyingine ikamkabidhi silaha mbili hadharani, askari wakipiga saluti, na hakuna aliyeuliza leseni.

Mtaa ulitangulia sanamu. Zamani uliitwa Hardinge, kwa jina la Mwingereza. Baada ya uhuru ukawa mtaa wa Kimathi. Vizuri. Lakini Mau Mau yenyewe, iliyopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, ilibaki marufuku hadi 2003. Kwa hiyo karibu miaka 40 ya uhuru ungeweza kuegesha gari katika mtaa wa Kimathi, ukanywa kahawa, ukanunua gazeti, mradi usijitangaze kuwa ulikuwa pamoja na Kimathi. Wazee waliokuwa msituni naye walikuwa wakipita juu ya lami yenye jina la kamanda wao huku kwenye vitabu vya sheria wao wenyewe bado ni wahalifu. Hapo nawavulia kofia, Waheshimiwa. Si kila mtu anaweza kumtukuza kiongozi na kuwaharamisha wafuasi wake kwa pumzi moja.

Baadaye akaongezewa chuo kikuu kule Nyeri. Mtaa, sanamu, chuo: orodha ya kutamanika. Tatizo ni kwamba hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mjane wake aliomba. Mama Mukami Kimathi aliomba mifupa. Alitaka mumewe afukuliwe katika kaburi lisilo na alama alimotupwa, akazikwe kama watu wanavyozikwa. Serikali zikabadilika, ombi likabaki lilelile, na kila alipoomba mifupa alipewa hotuba. Akafariki Mei 2023, akazikwa Njabini, waheshimiwa wakajaa. Sasa yeye ana kaburi. Mumewe ana chuo kikuu.

Nawaelewa, msidhani siwaelewi. Sanamu ni kazi safi: fundi hulipwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, watu hurudi nyumbani mapema. Mifupa ina maswali. Nani alichimba? Nani aliandika? Daftari liko wapi, na ni majina gani mengine yamo ndani yake? Ukimtafuta mmoja utakutana na wenzake wote walionyongwa na kuzikwa vivyo hivyo, nao wana watoto na wajukuu wenye maswali yao. Shaba haiulizi.

Lakini msiniambie haiwezekani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliipa Ujerumani miezi 6 tangu uanze kutumika iwe imelirudisha fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Miezi 6 hiyo ikawa zaidi ya miaka 30. Mwishowe Gavana Twining wa Tanganyika akafunga safari mwenyewe mpaka jumba la makumbusho la Bremen, mafuvu yakapekuliwa, vipimo vikalinganishwa na vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, moja likachaguliwa. Mwaka 1954 likafika Kalenga, kwa Wahehe. Wapo wanaobisha hadi leo kama ndilo lenyewe, na wana haki ya kubisha. Hata hivyo Wahehe wana mahali pa kwenda kusimama. Yule alikuwa gavana wa kikoloni, tena mwenye sababu zake za kisiasa, na Bremen iko ng'ambo ya bahari. Kamiti mtu hufika kwa matatu.

Nikasema labda wanamuziki wanatendewa vyema zaidi. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 akatunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka, na mwaka 1905 akafariki angali kijana. Jirani zetu Watanzania wanasimama wima kwa sauti yake tangu mwaka 1961. Zambia nao wakaitwaa walipopata uhuru, wakaitilia maneno yao. Afrika Kusini yenyewe imeuweka ndani ya wimbo wake wa taifa. Mjane wake, yasemekana, aliiuza haki ya wimbo huo kwa peni sita.

Na kaburi? Lilipotea. Serikali mpya ya Afrika Kusini ilipotaka kumuenzi, watu wakatumwa makaburi ya Braamfontein kupekua madaftari. Sontonga hayumo. Wakapekua tena, hayumo. Hatimaye ikagundulika kwamba aliandikwa kwa herufi E: Enoch, basi. Aliyeshika kalamu siku ile hakuona haja ya kumuuliza Mwafrika jina la ukoo wake. Kwa hiyo mataifa yaliimba sauti ya mtu huyo shuleni, viwanjani na kwenye gwaride za uhuru, naye amelala chini ya herufi isiyo yake. Tarehe 24 Septemba 1996 Mandela alizindua mnara juu ya kaburi hilo, na marehemu akatunukiwa nishani. Miaka 91. Mbele ya Muyaka, huyo alitendewa haraka.

Sisi Wakenya tulikuwa waangalifu zaidi. Wimbo wetu wa taifa tuliuchotea sauti kutoka wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, kule Mto Tana. Mama anayemlaza mtoto haweki sahihi popote. Hatukubaki na kaburi la kutafuta wala deni la kukumbushwa.

Solomon Linda yeye aliweka sahihi. Mbube, wimbo aliourekodi Johannesburg mwaka 1939, ulizunguka dunia nzima mpaka ukaingia kwenye sinema za watoto. Aliiuza haki yake kwa shilingi 10, akafa fukara mwaka 1962, na binti zake walisubiri hadi 2006 ndipo mawakili wakafikia mapatano ya kuwalipa. Nimepiga hesabu: shilingi 10 za wakati ule ni peni sita mara 20. Kati ya mjane wa Sontonga na Linda, bei ya wimbo ilipanda. Msije mkaambiwa hakuna maendeleo.

Lakini faili ninalolipenda kuliko yote liko Berlin, na mwenyewe ni mtoto wa Dar es Salaam. Bayume Mohamed Husen alizaliwa huko mwaka 1904, akaingia vita vya kwanza vya dunia angali mtoto, pamoja na baba yake, katika jeshi la Mjerumani. Mwaka 1929 akaenda Ujerumani, akadai mshahara wao, wake na wa babake, ambao haukulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa kudai. Akaomba beji waliyopewa waliopigana vitani, akanyimwa. Akawa anahudumia wageni mezani, anafundisha Kiswahili chuo kikuu, anaigiza watumishi na askari kwenye filamu za kusifu ukoloni. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 2007 akawekewa kijiwe cha shaba nyeupe kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba aliyokaa, chenye jina lake. Miaka 63 baada ya kifo chake. Waliokiweka walikuwa raia wema, sina neno nao. Hawakuwa wao waliomdhulumu. Ila nimelisoma faili hili mara nyingi na kila mara nasimama palepale. Alipodai mshahara wake miaka 10 na kitu baada ya vita, aliambiwa amechelewa. Heshima ilipokuja baada ya miaka 63, hakuna aliyeiambia imechelewa.

Hapo ndipo nilipowaelewa barabara, Waheshimiwa. Waliodai miongoni mwa hawa, au wajane wao, au watoto wao, walidai kitu kidogo chenye bei inayojulikana: mshahara, mifupa, haki ya wimbo. Wengi wao wakapewa kitu kikubwa ambacho hawakukidai. Na ukishapewa kikubwa, adabu haikuruhusu tena kutaja kile kidogo. Nani atasimama mbele ya sanamu aulizie mshahara?

Kwa hiyo naja na pendekezo. Mimi kwa hiari yangu, mwenye akili timamu, nasamehe yote mtakayotaka kunipa nikishakufa. Mtaa sitaki. Nimeona mitaa ya mashujaa ilivyo masika: mwenye gari akitumbukia shimoni, jina analolitaja kwa hasira ni la marehemu, si la mhandisi wa kaunti. Sanamu sitaki, kwa sababu ya kunguru. Stempu imepitwa na wakati, barua zenyewe haziandikwi isipokuwa za lawama kama hii. Dakika moja ya kimya nayo msijisumbue. Maombi yangu yote mmeyajibu kwa kimya, nikijumlisha nina akiba ya kutosha.

Ikiwa kanuni zenu haziruhusu kabisa kumshughulikia mtu aliye hai, nipo tayari kutangazwa marehemu kwa muda, tuseme Jumatatu hadi Ijumaa saa za kazi, mpaka hundi iive. Mke wangu amekubali kukaa eda ikibidi, ingawa ameuliza itakuwa ya miezi minne kweli au mtamrudisha mapema. Rambirambi tutazipokea kwa vitu: unga, mafuta ya kupikia, na kitabu cha risiti, maana nimegundua mhasibu hupenda risiti.

Au fanyeni jambo jepesi zaidi. Ulizieni karatasi zangu ziko kwenye meza gani. Shairi lilikuwa na beti 12, kina kimetimia, mizani hazikupungua, na malipo tuliafikiana mbele ya mashahidi wawili ambao, niwaarifu mapema, nao wangali hai na wana maneno mengi. Pesa zinaweza kutumwa kwa simu. Ada ya kutuma nitailipa mimi.

Wenu mtiifu,

Mtunzi, Mombasa