Sifa za Vumbi la Kompyuta

Vumbi ndicho kiungo pekee cha kompyuta ya gemu kisichonunuliwa. Prosesa, RAM na kadi ya michoro hulinganishwa bei na kubishaniwa hadi usiku wa manane; vumbi huja lenyewe, bila risiti, wala halijapata kuadimika.

Ukoo wake ni mpana. Kuumeni limetoka barabarani kwa njia ya dirisha. Kukeni limetoka kwa mwenye kompyuta mwenyewe: ngozi iliyopukutika, nywele na nyuzi za mavazi, hata methali ya kikulacho ki nguoni mwako ikapata mfano wake kamili. Feni hulipokea mlangoni na kulisindikiza hadi kwenye mapezi ya alumini yanayopoza prosesa.

Hapo huanza kazi yake ya huruma, nayo ni kufunika. Shaba na alumini hupitisha joto upesi mno. Vumbi huziba njia ya hewa na kuyavika mapezi blanketi. Kadi ya GeForce RTX 4090, inayoweza kula wati 450, haitaona baridi tena.

Ila sifa yake kuu ni ualimu. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina kikomo cha nyuzi 95 za Selsiasi, na nyingi za Intel Core nyuzi 100. Wachezaji wengi hawayajui hayo mpaka vumbi liwafundishe. Somo huenda kwa hatua. Kwanza feni huvuma, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kisha prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na gemu iliyoanza ikiteleza hukwamakwama baada ya nusu saa. Mwisho mashine huzimika, aghalabu mechi inapokolea.

Kwa utaratibu huo vumbi huwapita wenzake wote. Powa saplai dhaifu huzima kompyuta ghafla kadi inapodai umeme mwingi, hata kama bado ni baridi. RAM mbovu haina ratiba: leo huangusha gemu, kesho kivinjari. Vumbi halivamii, hupandisha joto kwanza, na anayefungua programu ya kupima joto ya HWiNFO huliona likipanda.

Wenye maduka nao wana deni kwake, maana kadi mpya hununuliwa kutibu ugonjwa ambao brashi ya rangi ingeumaliza.

Juu ya yote, vumbi ni mgeni asiyegoma kuondoka. Hudai adabu chache tu. Umeme uchomolewe. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu huweza kuzalisha umeme. Mashine ya kufyonza vumbi ikae mbali na vipuri, kwani huleta umeme tuli. Powa saplai ipulizwe kwa nje bila kufunguliwa, maana kapasita zake hubaki na chaji. Ikiwa kipoza joto cha prosesa kimeng'olewa, krimu ya zamani ya kupitisha joto ifutwe na mpya iwekwe kiasi cha punje ya mbaazi.

Baada ya usafi hutoa hukumu ya haki. Joto likishuka, mwenye mashine amerudishiwa kompyuta aliyokwisha kuilipia. Lisiposhuka, vumbi limejivua lawama, na krimu, feni au mpangilio wa hewa ndio wa kuchunguzwa. Kwa vyovyote vile halina kinyongo: feni ikianza tu kuzunguka, nalo huanza kurejea.