Kenge na Ufunguo wa Milango Yote

Chini ya vilima vya Makerere na Kawempe, pale maji ya mfereji wa Nsooba yanapokutana na ya Lubigi kabla ya kushuka taratibu kuelekea Mto Mayanja, pana tambarare ambayo leo inaitwa Bwaise, na ambayo zamani ilikuwa mafunjo matupu. Waliojenga hapo wanajua kwamba maji hayaisahau njia yake: mvua za Machi hadi Mei huja kudai mahali pake, na za Septemba hadi Novemba huja kukumbusha deni. Basi inasimuliwa kwamba katika mafunjo hayo, kabla mwanadamu hajamwaga kifusi cha kwanza, palikuwa na kichuguu kikubwa kilichojengwa na mchwa wa vizazi vingi. Na mchwa walipohama, Kenge alipanda juu yake kuota jua, akaota siku nyingi mno, hata kila aliyepita akamdhani ndiye mwenyewe, na mwisho yeye pia akajidhani hivyo.

Kichuguu kilikuwa na vyumba 40, na Kenge akavipangisha. Vya juu, visivyofikiwa na maji, alivipa wenye nacho. Vya chini akavijaza wale wasiokuwa na pa kwenda: Mama Kanga na mayai yake, Ndezi na watoto wake wengi, Bibi Panya na akiba ya mtama, na Nungunungu aliyeishi peke yake. Kila mlango ulikuwa na kitasa cha mti alichokichonga Kigogota, fundi ambaye hapakuwa na wa pili wake bwawani. Ndani ya kila kitasa vilisimama vijiti vitano vilivyoangukia komeo na kulizuia, na ufunguo wa meno matano uliviinua vyote hadi kimo chake, kila kimoja kwa kipimo chake, komeo likateleza. Ni ufundi wa kale sana, uliojulikana Misri maelfu ya miaka iliyopita, na ndio huo Linus Yale wa Marekani aliouweka katika chuma kidogo cha kutia mfukoni na kuusajili mwaka 1861. Ufunguo wa Panya ulifungua kwa Panya, wa Kanga ulifungua kwa Kanga, na kila mpangaji alilala akijua kwamba kati yake na dunia kuna kitu kimoja kisichomjua mtu mwingine.

Usiku mmoja wa Aprili maji yakapanda. Mama Kanga alikuwa amekwenda kutafuta chakula ng'ambo ya mfereji, akawafungia vifaranga ndani kama afanyavyo kila mama asiye na wa kumwachia watoto, na njia ya kurudi ikakatika. Majirani walisikia kilio, wakafika mlangoni, wakakuta kitasa. Nungunungu na Ndezi waliuvunja mlango kwa mabega, wakawatoa vifaranga maji yakiwa yamefika shingoni. Asubuhi Kenge akaja, akautazama mlango uliovunjika kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama watoto, akasema: "Msiba huu usirudie. Nataka ufunguo mmoja utakaofungua milango yote 40, ili siku ya hatari asiwepo wa kutafutwa."

Hakuna aliyebisha, wala hapakuwa na sababu ya kubisha. Haja ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa imelia mbele ya masikio yao. Mama Kanga ndiye aliyekuwa wa kwanza kushukuru.

Kigogota alifanya kazi ile mwezi mzima, na kabla ya kuikabidhi alimwita Kenge pembeni, maana alikuwa fundi mwaminifu. "Bwana Kenge," alisema, "sikiliza kazi niliyoifanya. Ili kitasa kimoja kikubali funguo mbili, nimekata kila kijiti vipande viwili, kikawa na mahali pawili pa kuachia komeo: mahali pa mpangaji na mahali pako. Lakini vijiti havijui mpangaji ni nani wala wewe ni nani. Ukichanganya meno ya huyu na meno ya yule, navyo vitaachia. Mlango uliokuwa ukitii ufunguo mmoja, sasa unatii nyingi ambazo hata mimi sijazichonga. Kila kitasa nilichokifanya kikutii wewe, nimekifanya kiwe dhaifu kwa mwenyewe." Kenge akamuuliza kama ufunguo unafungua. Kigogota akasema unafungua. Kenge akamlipa nusu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mpangaji aliyepoteza ufunguo hakulala nje. Ndezi alipougua homa, alifunguliwa akatolewa akatibiwa. Lakini Kenge hakukaa bwawani. Yeye alihamia kilimani, kwenye jiwe kavu lenye jua zuri, na mwenye ufunguo aliye mbali na mlango ni sawa na asiye na ufunguo. Kwa hiyo akachonga wa pili, akampa Kicheche awe msimamizi. Kicheche naye hakupenda kuamshwa usiku, akachonga mwingine, akampa Marabu, yule ndege mwenye kipara aliyekuwa akikusanya kodi. Marabu alikuwa na shemeji aliyeziba paa zinazovuja. Shemeji alikuwa na kijana wa kumbebea udongo. Kila ufunguo ulipotoka mkono mmoja kwenda mwingine, palikuwa na sababu nzuri ya siku hiyo, na kila aliyeupokea aliahidi kuurudisha jioni.

Ndipo mayai ya Mama Kanga yakaanza kupungua. Likatoweka moja, kisha matatu kwa pamoja. Mtama wa Bibi Panya ukashuka ndani ya chungu ilhali chungu hakijafunuliwa. Wapangaji wakapeleka malalamiko, na Kenge, kwa kuwa alitaka kuonekana mtenda haki, akaunda baraza la uchunguzi, akamfanya Kicheche mwenyekiti na Marabu mwandishi. Baraza likakagua milango yote. Halikuona komeo lililong'olewa, wala ubao uliotatuka, wala alama ya ukucha. Likamwita Mama Kanga na kumuuliza swali moja: kama mlango ni mzima, mwizi alipita wapi? Mama Kanga hakuwa na jibu. Likamuuliza tena kama ana shahidi aliyemwona akitaga. Hakuwa naye. Baraza likaandika kwamba hakuna wizi uliothibitika, kwamba mpangaji huyo ana tabia ya kulalamika, na kwamba kwa usalama zaidi wapangaji wachangie mshahara wa Nguchiro awe mlinzi wa usiku, naye apewe ufunguo wake.

Hapa nasimama kidogo, kwa maana hili ndilo linaloniuma katika hadithi yote. Zamani mlango uliovunjwa ulikuwa shahidi wa aliyeibiwa. Angeweza kuusimamisha mbele ya wazee na kusema, tazameni. Ufunguo wa milango yote ulimnyang'anya Mama Kanga mayai, kisha ukamnyang'anya shahidi, kisha ukamfanya yeye ndiye mshtakiwa. Na waliomhukumu walikuwa wamekaa mbele yake na funguo viunoni.

Msimu wa njaa ukafika, na baadhi ya wapangaji wa chini wakachelewa kodi. Kicheche akagundua kwamba ufunguo unaofungua unaweza pia kufunga. Alingoja Ndezi atoke kwenda kukata nyasi, akaingia, akavitoa vyombo uani, akafunga, akaondoka. Ndezi alirudi jioni akawakuta watoto wamekaa juu ya magunia. Upande wa wanadamu, Uganda ilipata mwaka 2022 Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, ambayo inakataza mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama na inaweka mpaka wa kupandisha kodi usiozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kichuguuni hapakuwa na mahakama iliyokuwa karibu kuliko Kicheche. Ndezi alikopa mtama kwa Bibi Panya, akalipa, akarudishwa ndani.

Bibi Panya ndiye aliyeanza kufikiri. Alikuwa na meno makali na subira, na usiku alijiuliza: ikiwa mlango wangu unatii funguo mbili, na mmoja ninao, je, wa pili haumo humuhumu ndani ya mlango wangu? Akatafuna kijiti cha mti kikawa mfano wa ufunguo wake, ila jino moja akaliacha refu. Akalijaribu, akalipunguza kidogo, akalijaribu tena. Na lilipofika kimo ambacho si chake, mlango ukafunguka. Akajua kwamba hicho ni kimo cha Kenge. Akafanya vivyo hivyo kwa jino la pili, na la tatu, hadi la tano. Vijiti vitano vyenye vimo saba kila kimoja vinaweza kutoa funguo 16,807, na ndiyo hesabu iliyomfanya Kenge alale usingizi; lakini kwa Bibi Panya, aliyeuliza jino mojamoja, majaribio 30 yalitosha kabisa. Na kazi yote aliifanya mlangoni pake mwenyewe, mahali ambapo hakuna mlinzi angemuuliza anafanya nini.

Wasikilizaji wasidhani kwamba nimemsingizia Panya elimu isiyokuwapo. Mwaka 2003 mtaalamu wa Marekani, Matt Blaze, alichapisha njia hiyohiyo, kwamba mpangaji wa chumba kimoja katika jengo kubwa anaweza kuufikia ufunguo wa jengo zima akiwa na ufunguo wake, vipande vichache vya kuchonga na tupa. Na mafundi wengi wa funguo wakamkasirikia, wakisema jambo hilo wamelijua miaka na miaka na halikufaa kutangazwa. Wapangaji ndio waliokuwa hawalijui.

Bibi Panya angeweza kunyamaza akajifungulia maghala ya vyumba vya juu. Badala yake alikwenda mbele ya mkutano, akaweka ufunguo aliouchonga miguuni pa Mzee Kobe, aliyeongoza mkutano huo, akasema: "Mimi ni mnyonge kuliko wote humu, na nimeweza. Aliye na nguvu kunishinda, na nia mbaya, ameshindwa nini?" Kenge alitetemeka kwa ghadhabu. Hakuuliza mayai yalikwenda wapi. Alitoa amri mbili: Panya asitafune mti wa aina yoyote ndani ya kichuguu, na kila ufunguo uchorwe alama ya katazo, ili atakayeushika ajue hairuhusiwi kuuiga. Kigogota akachora alama 40, na nyingine kadhaa ambazo Kicheche alimletea kwa siri.

Siku zile alikuwapo Korongo mweupe, yule ambaye kila mwaka hukimbia baridi ya Ulaya, akapita juu ya Yerusalemu na kufuata bonde la Nile hadi kwetu. Mzee Kobe akamwomba aseme aliyoyaona kwa wengine. Korongo akasema: "Katika mji ule pana Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo Wakristo wa madhehebu mengi wanaligombea. Ufunguo wake unatunzwa na ukoo wa Kiislamu wa Joudeh, na mlango unafunguliwa na ukoo mwingine wa Kiislamu, wa Nuseibeh. Mwenye ufunguo hafungui, na mwenye kufungua hana ufunguo, na hivyo ndivyo walivyoishi karne nyingi." Kobe akamgeukia Kenge. "Mwanangu," alisema, "ufunguo wa hatari uwepo, maana maji yapo. Lakini uwe mmoja, ukae hapahapa bwawani ndani ya chungu kilichofungwa kwa nta mbele ya wote, na siku utakapotolewa, wawe wawili, wako mmoja na wa wapangaji mmoja, na nta iliyovunjwa iseme kwamba umetolewa. Vyumba vya chini viwe na wake, vya juu na wake, ili ukipotea mmoja zisipotee nyumba zote. Na aliyeingia chumbani mwa mwenzake aseme aliingia lini na kwa nini."

Hayakuwa maneno ya kumnyang'anya Kenge kitu. Lakini Kenge alisikia neno moja tu, lile la wapangaji kuwa na mmoja wao mbele ya chungu, akajibu kwamba kichuguu ni chake na aliyechoka ahame. Nungunungu, ambaye hakuzoea kusema, alisema kwamba huo si ufunguo mkuu tena, ni ufunguo malaya, na akaanza kulala ameegemeza mgongo mlangoni.

Mvua za Oktoba zikashuka usiku, bila kupiga hodi. Maji yakaingia vyumba vya chini, mbao zikavimba, watoto wakapiga kelele, na kila mtu akamwita mwenye ufunguo. Kenge alikuwa kilimani. Kicheche alikuwa amekwenda kwenye sherehe na ufunguo wake kiunoni. Marabu alisema wake uko kwa shemeji. Shemeji akasema uko kwa kijana. Kijana akasema aliurudisha. Nguchiro alikuwapo, na wake alikuwa nao mkononi, lakini ulikuwa nakala ya nakala ya nakala, meno yamekwisha kwa kuigwa, ukazunguka ndani ya kitasa bila kushika kitu. Ndezi na Nungunungu walivunja milango saba kwa mabega. Kwenye mlango wa nane walichelewa, na watoto wawili wa Ndezi hawakutoka.

Asubuhi Mzee Kobe aliita mkutano na safari hii hakumwomba Kenge ruhusa. Alimuuliza jambo moja tu: funguo za milango yote ziko ngapi? Kenge alisema ziko mbili, wake na wa msimamizi. Kobe akaagiza kila aliye nao aulete uwanjani, na asiyeuleta akiitwa mwizi asilalamike. Zilipohesabiwa zilikuwa 11, na wa Kenge mwenyewe haukuwamo.