Namna ya Kumfanya Mfungaji Akabe Bila Mwenyewe Kujua

Kijana wako anafunga. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo utamu na taabu vinapokutana. Ametoka mtaa wa Satellite, amejifunza magongo kwenye uwanja wa vumbi na kokoto ambako mpira unaruka kama panzi, na siku ya kwanza alipokanyaga nyasi bandia za uwanja wa City Park alijiona amewekewa meza. Mikono anayo. Jicho la goli analo. Lakini akipokonywa mpira anasimama palepale, mkono kiunoni, anatazama gongo lake kana kwamba limetoboka. Huko nyuma mabeki wanakimbizwa. Yeye anangoja waulete tena.

Umeshamfokea. Umeshamhubiria habari za moyo wa timu. Aliitikia, "Sawa, Kocha," akarudi kusimama palepale. Basi mahubiri yatoshe. Nakupa njia za mkato, na zote zinapita kwenye kitu kimoja alicho nacho tele: kujipenda. Usihangaike kumtoa majivuno. Mshambuliaji asiye na majivuno hathubutu kupiga mpira akiwa amezungukwa na watu watatu. Yapande hayo majivuno kama punda, uyaelekeze unakokwenda.

1. Futa neno "kukaba."

Kukaba, kwake, ni kazi ya watu wengine. Mwambie anaiba. Mpira alioupokonya uite wizi, uuhesabu, uuandike. (Neno hilo libaki uwanjani; ukilipaza stejini Kawangware utamponza mtoto wa watu.)

Kisha mfanyie hesabu, kwa sababu hesabu hii ni ya kweli na itamwingia. Uwanja una urefu wa mita 91 na ushei. Bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mshambuliaji ndani ya duara, na duara lenyewe halifiki mita 15 kutoka golini. Mpira ukianzia kwa kipa wenu, kuna zaidi ya mita 75 za kusafiri, na kila mita ina mtu anayeutaka. Ukiibwa kwenye mstari wa mita 23 wa wapinzani, zimebaki hatua nane au tisa kufika duarani, na beki wao mmoja bado amegeukia upande usiofaa. Muulize: wewe ukiwa na njaa ya mabao, utangojea wapi? Anayependa mabao kwa dhati atalijibu swali hilo kwa miguu.

Ujue pia unapigana na nini. Sheria ya kuotea iliondolewa kwenye magongo miaka ya 1990. Tangu hapo mshambuliaji anaweza kushinda kwenye duara la wapinzani mechi nzima kama mgeni aliyekaribishwa chai, na filimbi isilie. Mpira wa miguu ungemrudisha nyuma kwa nguvu. Magongo hayamrudishi. Itabidi umrudishe wewe.

2. Tumia sarafu.

Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote. Tafuta sarafu kumi na tano za shilingi kumi, na sehemu yoyote tambarare, hata pale magari yanapoegeshwa.

Weka sarafu moja chini, hatua moja na nusu mbele ya mguu wake wa kushoto. Wewe simama upande wa pili na gongo lako. Ashike gongo lake kwa mkono wa kushoto peke yake, magoti yakunjike, gongo lipite chini karibu limlambe mdudu, aidokoe sarafu, arudishe gongo lake upesi kabla hujaifunika. Akikuwahi, sarafu ni yake.

Mara tatu za kwanza atajirusha mwili mzima. Usiseme neno. Funika sarafu, kisha tembea umpite, polepole, yeye akiwa amekwama na uzito wake wote kwenye mguu wa mbele. Amekwisha kujionea kosa ambalo ungelieleza nusu saa. Mara ya nne atabaki wima, atadokoa na kurudi, atadokoa na kurudi, kama kuku kwenye mtama.

Sasa mpe siri. Huyu ni mtu wa chenga. Anadhani chenga ni mali ya mwenye mpira. Mwonyeshe kwamba asiye na mpira naye anapiga chenga: dokoa mbili za uongo, ya tatu ndiyo ya kweli. Mwenye mpira akishtukia ya kwanza, kichwa chake kinainama, na mtu aliyeinamisha kichwa haoni wa kumpasia. Nimewaona vijana wakicheka kwa sauti siku wanapoligundua jambo hili. Wanapenda kumdanganya mtu. Wape mtu wa kumdanganya.

Sarafu zikiisha, weka mpira. Atakuwa na shilingi zako mfukoni, na utakuwa umezitumia vyema kuliko pesa yoyote ya mwezi huo.

3. Mtoe mapema, umwambie unamhifadhi.

Mechi ina robo nne za dakika 15, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo: anatoka, anarudi, anatoka tena. Mwingize kwa dakika tano tano. Mwambie risasi nzuri haipigwi ovyo. Atafurahi, na kuna ukweli ndani yake: anayejua atapumzika baada ya dakika tano hana sababu ya kuweka akiba ya pumzi. Atarudi nyuma akikimbia. Magongo ya barafuni yamejengwa juu ya jambo hili. Huko mshambuliaji hutoka baada ya muda usiofika dakika moja, hoi. Ukitaka kulishuhudia hapa nyumbani, waulize Ice Lions, vijana wetu waliojifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa.

Akikaa benchi, keti naye. Usimwonyeshe makosa yake. Mwonyeshe beki wa wapinzani aliye mzito kugeuka, umwambie, "Huyo ni wako."

4. Nunua kikombe.

Kidogo, cha bei nafuu, kutoka duka lolote la vikombe mjini. Kiandikwe "Mwizi wa Mwezi." Kishindaniwe na washambuliaji tu.

Unaona ni mchezo wa watoto? Ligi kubwa ya magongo ya barafuni, NHL ya Marekani na Kanada, ina tuzo ya namna hiyo tangu 1978: Frank J. Selke Trophy, ya mshambuliaji anayesaidia ulinzi kuliko wenzake. Msimulie kijana habari za Steve Yzerman wa Detroit. Msimu wa 1988–89 alifunga mabao 65 na kutoa pasi za mabao 90. Kombe halikuja. Mwaka 1993 akaja kocha Scotty Bowman, akamtaka acheze pande zote mbili za uwanja. Mabao yakapungua, mwenyewe akiwa nahodha. Mwaka 1997 akainua Stanley Cup, 1998 akainua tena, 2000 akapewa hiyo Selke, na 2002 kombe likarudi mara ya tatu. Simulia kwa mpangilio huohuo, ukomee kwenye kombe. Usimfafanulie.

5. Mpeleke City Park siku isiyo na mechi.

Mketi kwenye ngazi za watazamaji, umhadithie enzi ambazo Kenya ilikuwa ikiogopwa. Nafasi ya sita kwenye Olimpiki ya Tokyo, 1964. Nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, baada ya kufungwa bao moja na Hispania kwenye nusu fainali, kisha na India 2–1 katika muda wa nyongeza. Muulize anadhani nani alikuwa nyota. Atakutajia mshambuliaji, hata kama hamjui kwa jina. Ndipo umpe jina la Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Beki.

Mwache alitafune hilo ndani ya matatu hadi nyumbani. Mweleze na hili: Kenya haijarudi kwenye magongo ya Olimpiki tangu Seoul 1988. Mimi linaniuma. Kijana mwenye majivuno atalisikia kama nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yake, na sina haja ya kumrekebisha.

6. Mpe filimbi.

Anabishana na waamuzi? Kadi ya kijani ni dakika mbili nje, ya njano si chini ya tano, na ninyi mnabaki kumi. Jumamosi mpe achezeshe mechi ya watoto wa shule. Ataipenda filimbi kupita kiasi. Mtoto wa miaka tisa atamkodolea macho na kumwambia hajui sheria. Siku moja inatosha.

7. Mpige picha.

Hapa pana neno zito, ingawa hila yake ni nyepesi. Magongo ya Kenya hayana mishahara ya kusisimua. Anayefika mbali hufika kupitia mwajiri au chuo: Kenya Police, Butali Sugar Warriors, Strathmore, USIU. Mlango ukifunguka, hufunguka ghafla, na unataka karatasi. Kijana wa mabao hapendi karatasi. Anapenda picha zake. Basi mpeleke studio, apige za pasipoti, anyoe kwanza, achague mwenyewe iliyo nzuri. Mkiwa hukohuko mjini, toeni nakala za kitambulisho na cheti cha KCSE, mtie vyote kwenye bahasha moja. Bahasha ikae kwa mama yake.

8. Mpate mama.

Uende mwenyewe hadi Satellite, unywe chai, usiwe na haraka. Mama amezoea kuuliza, "Leo umefunga mangapi?" Mwombe, kwa heshima, abadilishe swali: "Leo umeiba mingapi?" Atacheka, atauliza ni dini gani hiyo unayomfundisha mwanawe, kisha ataelewa, kwa kuwa yeye anamjua kuliko wewe. Swali la mama mlangoni, buti zikiwa bado na majimaji ya uwanjani, linafanya kazi ambayo kelele zako hazikuifanya msimu mzima.

Halafu subiri. Itakuwa jioni fulani, mnakunja vifaa, yeye hajafunga hata bao moja na amewachosha mabeki wa watu mpaka wakaanza kupigiana pasi za woga. Atakuja karibu, atajifanya anatafuta chupa ya maji, atauliza: "Kocha, yangu umeandika mingapi?"

Mpe daftari ahesabu mwenyewe. Atajiongezea miwili. Mwachie mmoja.