Sebule ya Korosho

Wauza rangi wa Masasi wana dawa moja ya nyumba ndogo: nyeupe. Paka ukuta mweupe, weka kioo kikubwa mkabala na mlango, punguza vitu sakafuni, na chumba cha futi kumi kwa kumi kitaonekana ukumbi. Sina ugomvi na ushauri huo, ila aliyeutunga hakuwahi kuwa na mjomba mwenye mikorosho.

Hapa Nanganga, pale njia ya Ruangwa inapoachana na barabara ya Masasi, sebule haipimwi kwa futi. Hupimwa kwa magunia. Na huku Kusini ukoo hufuata upande wa mama. Kaka wa mama akikohoa mlangoni, mpwa husimama. Kwa hiyo msimu ulipofunguliwa na mjomba akasema, "Mpwa wangu, nahifadhi hapa kidogo tu, nasubiri mnada," jibu lilikuwa moja.

Wenzake hupeleka korosho chama cha msingi zikishakauka, zikaingia stakabadhi ghalani, yakaisha. Mjomba alijifunza ubishi mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za mnadani, na Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue kilo kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Tangu hapo hasikii bei ya kwanza. Bei ya kwanza, anasema, ni salamu.

Hicho "kidogo" kilikuwa magunia ya kilo 80 yaliyofika usawa wa dirisha. Na korosho hailazwi ovyo. Gunia huwekwa juu ya mbao lisinyonye unyevu wa sakafu, lisiguse ukuta, na kati ya safu na safu iachwe nafasi hewa ipite. Mjomba aliyafuata hayo yote kwa nidhamu. Korosho zikapata ujia wake. Sisi tukawa tunapita ubavu. Wageni tuliwapokea kwa zamu, mmoja aingie mmoja atoke. Lakini mjomba alikulia Newala, ukingoni mwa Shimo la Mungu, ambako ukisimama macho yanateremka mpaka bonde la Ruvuma. Mtu wa namna hiyo utamweleza nini kuhusu ufinyu?

Rangi nyeupe ilishughulikiwa na salfa iliyobaki tangu tulipopulizia mikorosho. Kila mfuko ulipoguswa, ukuta uliongeza umanjano na mke wangu akapiga chafya. Kioo nacho kilitimiza ahadi yake: kilizidisha magunia maradufu. Jogoo wa jirani aliingia asubuhi, akamwona mpinzani katikati ya korosho, akamrukia mpaka kona ya kioo ikapasuka. Mjomba alikitazama kwa utulivu zaidi. "Kumbe upande wa pili bado hamjajaza," akasema. Sikujua kama ni utani. Jioni yakaja magunia mengine.

Ndipo nikawakumbuka Waswahili wa Lamu. Vyumba vya nyumba zao za kale za mawe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hawakuigombania sakafu. Walijenga zidaka ukutani, safu juu ya safu, wakazipaka chokaa, na vyombo vya kaure vikakaa humo. Kabati la nini? Kwangu mimi hiyo ni akili kubwa kuliko kioo chochote.

Fundi wetu aliielewa upesi mno. Kabla sijamaliza kusimulia, patasi ilikuwa ukutani. Lakini ukuta wa Lamu ni wa mawe ya matumbawe, mnene; wetu ni tofali la inchi tano, na upande wa pili hulala mama mkubwa. Kidaka cha kwanza kilipofunguka, tuliona ndani yake chupa ya chai isiyo yetu.

"Hodi," fundi akasema tunduni.

"Karibu," mama mkubwa akajibu, "ila huko si mlangoni."

Sijaona nyumba iliyopanuka haraka vile. Mama mkubwa amekataa tundu kuzibwa. Chumvi anaiagizia hapo hapo.

Hatimaye bei ilimridhisha mjomba, magunia yakaondoka, na sebule ikatoa mwangwi. Mke wangu hakuupenda mwangwi. Hela ya korosho ilipoingia, mjomba alitoa shukrani ya hifadhi, na shukrani ikageuka seti ya makochi ya mninga: la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, yenye mikono mipana ya kuwekea kikombe na sahani yake. Seremala alikuwa ameipima sebule vizuri. Mlango hakuupima. Kochi la watatu likaingia nusu, likagoma, nasi tukabaki wengine ndani, wengine nje, tukipeana maelekezo kupitia kwa mama mkubwa.

Mjomba alipofika, alikalia ile nusu iliyokuwa barazani, akaitiwa chai, akagonga fremu kwa fimbo.

"Huu mlango ubomolewe," alisema. "Ukiwa mpana, mwakani magunia yatapita mawili mawili."