Mama Ndagala Anawajibu Waliopotea Njia ya Kwao

Barua zimejaa kapu. Kiangazi kikikaribia, kila aliyezaliwa mbali hukumbuka kwamba bibi yake alitokea pwani hii ya Ziwa Tanganyika, na mimi ninayeanika ndagala, dagaa wa ziwani, hapa Gitaza, Burundi, nimegeuzwa ofisi ya kumbukumbu. Haya, jua bado halijachoma mchanga. Tuanze.

"Mama Ndagala, shikamoo. Nilizaliwa kambini Tanzania, nimekulia Marekani. Nimetuma mate yangu yakapimwe asili, nikajibiwa kwamba mimi ni wa Afrika ya Mashariki. Marehemu babu alitoka Muhuta, aliitwa Minani. Nimewaandikia akina Minani mia mbili mtandaoni, wengi wamenijibu kwa kuniomba simu. Ukoo wa Minani nitaupataje? – Minani wa Tatu, Arizona"

Marahaba, mwanangu. Hela uliyopimia mate ingeninunulia turubai. Kwamba wewe ni wa Afrika ya Mashariki, mimi nimeligundua kwenye shikamoo yako, bure.

Ukoo wa Minani haupo. Kwetu jina halirithiwi kama suruali. Kila mtoto hupewa lake, ndugu watano wa tumbo moja wana majina matano, na anayewatafuta kwa jina la baba atazunguka Burundi nzima na kurudi na vumbi. Minani maana yake ni mtoto wa nane. Basi umewaandikia watu mia mbili ambao jambo pekee linalowaunganisha ni kwamba mama zao walichoka.

Lakini usilie, jina hilo hilo lina msaada. Wa nane ana aliyemtangulia. Mtafute Nyandwi, wa saba. Muulizie na Nyabenda, wa tisa, na kama bibi mzaa babu alikuwa jasiri, yuko Bucumi, wa kumi. Kama kulikuwa na pacha, ni Bukuru na Butoyi. Ukitamka majina hayo kwa mpangilio mbele ya kikongwe mmoja wa mlimani, utamwona anaweka chini jembe.

Nimesema mlimani, kwa sababu huko ndiko kwenye anwani. Achana na mkoa. Babu yako alipoondoka, Muhuta ilihesabiwa upande wa Bujumbura. Mwaka 2015 ikatiwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Mwaka 2025 mikoa yote ya nchi ikapunguzwa hadi mitano, na huo wa Rumonge, uliokuwa na miaka kumi tu, ukafutwa. Ukija na karatasi ya mkoa, karani atakuuliza ni karatasi ya serikali gani. Njoo na jina la kolini, yaani mlima wenu, jina la kijito walikochota maji, na jina la ukoo wenyewe: Bahanza, Bajiji, Banyakarama, au mwingine wowote ambao babu alikuwa akiutaja akishalewa. Hapo mzee akikuuliza kwa Kirundi, "Uri mwene nde?", yaani wewe ni mwana wa nani, utakuwa na la kujibu. Kwa shefu wa kolini usiende mikono mitupu. Nenda na kinywaji, kaa, na usitazame saa.

Nikuonye pia kwamba hapa Gitaza, ndani ya Muhuta hiyo hiyo, hata mlima wenyewe haukai. Machi 2015 uliporomoka, ukashukia nyumba na barabara. Kwa hiyo ukionyeshwa "pale ndipo palipokuwa na nyumba ya babu" na kidole kikaelekea kwenye lundo la mawe au majini, usidhani unadanganywa.

Na tafadhali, usichonge jina lako popote. Pale Mugere, njia ya kwenda Bujumbura, kuna jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliofika Novemba 1871. Hao ndio waliokuja bila kuulizwa ni wana wa nani, na hadi leo hawana ndugu hapa.

"Mama, habari za kazi. Mimi ni wa Katumba, Mpanda. Wazee wetu walikimbia 1972, mimi nimezaliwa huku na uraia wa Tanzania tumeshapata. Nataka kwenda kumsalimu baba mdogo aliyebaki karibu na Rumonge. Nilipompigia simu alifurahi mpaka akalia. Kisha akaniuliza, tena mara tatu, 'Unakuja na karatasi?' Nimekosea wapi? – Nauli Ninayo"

Hujakosea, mwanangu, ila umesikia nusu. Kilio kilikuwa chako, swali lilikuwa la shamba.

Machafuko yale yalianzia pwani hii hii, Rumonge na Nyanza-Lac, mwishoni mwa Aprili 1972, na mauaji yaliyofuata yalienea nchi nzima. Waliopata mtumbwi walivuka, wengine wakashika njia ya Kigoma kwa miguu, wakaishia Ulyankulu, Mishamo na huko kwenu Katumba. Michikichi haikimbii. Ilibaki, na mashamba yakapewa watu wengine, mengine na serikali yenyewe. Waliporudi wakimbizi, wenye mashamba walikuwa wawili kwa kila shamba, na wote wawili wanasema kweli. Iliundwa tume ya ardhi mwaka 2006. Mwanzoni ikawa inapatanisha kwa kugawa nusu kwa nusu, baadaye ikageuka, ikawa inamrudishia aliyekimbia shamba zima. Tangu hapo, mgeni akishuka kwenye Probox na begi lake, watu wa Rumonge huhesabu michikichi kabla ya kuhesabu watoto.

Nyinyi Watanzania wapya mko kama 162,000, mliopewa uraia mwaka 2014. Baba mdogo analijua hilo, lakini pia anajua kwamba karatasi moja haimzuii mtu kutafuta ya pili.

Sasa sikiliza. Umtangulizie neno kwa simu, na mkewe akiwa anasikia: "Baba, nakuja na kitenge cha mama na sukari. Shamba sina haja nalo." Kama haja unayo, usiandike kwangu, nenda kwa mwanasheria, na usijiite mgeni. Ukifika, usiende kutembea shambani siku ya kwanza, hata ukiitwa na kivuli. Usiguse shina na kusema "huu alipanda babu." Si kweli. Mchikichi ukipita miaka ishirini na tano au thelathini huwa mrefu mpaka mkwezi anaukataa, na mavuno yake hayalipi. Aliyoipanda babu yako ilishakatwa zamani. Hiyo unayoiona imepandwa na mtu ambaye hukuwahi kumwuliza jina lake, na pengine ndiye anayekuletea kiti.

Usimwulize pia babu alikufaje. Najua ndiyo sababu umepanga safari. Baba mdogo yeye hakukimbia. Nyinyi mliomboleza kwa mbali, yeye alibaki na njia zile zile, akisalimiana kila asubuhi na watu ambao wengine wao walijua alivyokufa. Ngoja siku ya tatu au ya nne. Atakuita ufukweni mtazame mitumbwi inavyowashwa taa za ndagala, mkiwa mmekaa bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Hapo akisema, usimkatize. Asiposema, rudi mwaka mwingine.

Upitie Manyovu na Mugina, na uongeze siku mbili za kungoja gari, maana mafuta ya gari huku yana tabia ya kupotea kuliko ndugu. Kiswahili chako cha Mpanda watakicheka. Wewe ukila migebuka, uiite mukeke, amani itapatikana.

"Mama Ndagala, mimi niko upande wa kupokea. Mtoto wa shangazi alikuja kutoka Ubelgiji wiki mbili. Kila nikipika ananipiga picha na sufuria. Wazee amewarekodi wote. Wakati wa kuondoka akaahidi mabati ya nyumba nzima. Ni mwaka wa pili sasa. Nimkumbushe vipi bila kuonekana ombaomba? – Nyumba Inavuja, Minago"

Mwombe rekodi. Mwambie wazee wanataka kujisikia, na mmoja wao ameshafariki, watoto wake wanaitamani sauti. Hilo ni deni halisi, na ni zito kuliko mabati. Akiituma, ameonyesha kwamba anakukumbuka, na mabati utayazungumza naye kama dada. Asipoituma, anza kuweka akiba ya makuti.

"Ninatua Kigali kwa ndege halafu napanda basi hadi Muhuta. Ni wazo zuri? – Mjanja, Oslo"

Burundi ilifunga mipaka yake ya barabara na Rwanda Januari 2024. Hakikisha hali ya mpaka kabla hujalipa, mjanja wangu. Bujumbura nako ndege hutua.

"Mama, bibi yangu yuko hapo hapo Gitaza, nyumba ya pili kutoka kwako. Kila Jumapili tunaongea kwa simu, ananiuliza nakuja lini, namwambia mwakani. Najisikia vibaya. Nimtumie pesa zaidi? – Wa Mwakani, Sydney"

Mjukuu, pesa zinafika, na nyingine ananikopesha mimi. Ila wewe hujui habari za kuku. Ulipomwambia "mwakani" mara ya kwanza, alikuwekea kuku jike mweupe, akakataza asichinjwe. Alikufa kwa uzee. Wa pili tulimla Pasaka, baada ya bibi kununa siku nzima. Wa tatu ni jogoo mwekundu, mkorofi, hafukuziki, anashinda kwenye chanja zangu akidonoa ndagala tangu asubuhi, na nikimtupia jiwe bibi yako anapiga kelele kwamba huyo ana mwenyewe. Njoo umle.