Bwana Harusi wa Njano

Shangazi alipiga simu jana usiku, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Baba, ini umepima?" Nikamwambia mimi mzima. "Mzima gani, ngozi na macho vyote njano? Usifiche ugonjwa na harusi iko mlangoni." Kumbe kadi ya mchango imemfikia. Imewafikia wote: kundi la kamati, la ukoo, la kazini. Mchumba wangu alipigwa picha kwingine, katoka alivyo. Mimi nimebandikwa pembeni yake kama bizari iliyovaa tai. Mtu mmoja kaandika kwenye kundi: "Nimetuma elfu kumi. Ugua pole."

Picha ilipigwa studio moja ghorofani, Mtaa wa Aggrey. Kijana wa kompyuta alishika kile kidude cha kuburuta kwenye mstari wa joto la rangi, akakipeleka kulia. "Braza, nakuongezea joto kidogo." Sasa Dar es Salaam hii, nani aliyewahi kuomba aongezewe joto?

Usiku sikulala, nikawa nasoma habari za joto hilo, na kusema kweli linavutia kuliko vikao vya harusi. Asili yake ni moto. Simama kwa mafundi chuma wa Gerezani: chuma kikikolea huwa chekundu, kikizidi huwa cha machungwa, kisha njano, kisha karibu cheupe. Bluu hakifiki, maana huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za selsiasi. Bluu imeachiwa nyota. Ndiyo maana rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, kipimo alichokipendekeza William Thomson mwaka 1848, kabla hajawa Lord Kelvin. Mshumaa ni kama 1,900, balbu ya zamani 2,700, jua la mchana 5,500, kivulini 7,000 na zaidi. Yaani mwanga wenye moto mkali ndio wa bluu, na wapiga picha wanauita baridi!

Kwenye programu ya kurekebisha picha mambo yanageuka tena. Namba unayoweka si joto unalotia. Ni ushahidi unaotoa kuhusu taa. Ukisema 12,000, programu inaamini uso ulizama kwenye bluu, basi inakuhurumia, inakumwagia njano. Taa za studio ile zilikuwa tyubu nyeupe, kama 6,500 hivi. Kijana katoa ushahidi wa uongo, nikatibiwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Leo asubuhi nilipopanda kulalamika akasema, "Basi ngoja nikung'arishe." Akabonyeza mara moja, nikawa mweupe wa kukana ukoo. Hapo kicheko kiliniisha. Kwa miongo mingi kampuni ya filamu ya Kodak ilisambazia maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, maarufu kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Sisi tulitoka meno na weupe wa macho. Filamu zimekwenda zake, Shirley kahamia ndani ya kitufe, na kijana mweusi kama mimi ananiambia wateja ndivyo wanavyotaka. Hasemi uongo, na ndipo panapouma. Katika chumba kile weusi wangu ndio pekee uliokuwa na rangi sahihi, na ndio wa kwanza kurekebishwa.

Pasipoti saizi alizonipa za kunituliza zimetoka bluu: nyuma bluu, mimi bluu.

Suti niliyonunua Mtaa wa Kongo ilikuwa nyeusi chini ya taa za duka. Nje ni zambarau. Muuzaji anasema tatizo ni jua.