Maneno Matano ya Maskati, Tuhesabu Kutoka Nyuma

Mkazo wa Kiswahili hutafutwa kutoka nyuma: iache silabi ya mwisho, kaza inayoitangulia. Basi na orodha hii iende hivyo hivyo. Wazanzibari wengi waliokuja Oman baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 walikuja na kanuni hiyo mdomoni, na wajukuu wao wana haki ya kuirithi.

5. Maskati. Kwa Kiarabu ni MAS-qat, kwetu mas-KA-ti. Irabu moja imepiga hodi mwishoni, mkazo ukahama chumba.

4. Kahawa. Mwarabu ana QAH-wa, silabi mbili. Sisi ka-HA-wa, tatu. Ukisema KA-ha-wa mbele ya shangazi pale Matrah, kikombe utapewa, ila halwa utaisubiri.

3. Sukari, na jirani yake zaituni. Maneno haya yametembea! Kiarabu ni SUK-kar. Wahispania, waliokaa na Waarabu karne nyingi tangu 711, walilichukua wakapata a-ZÚ-car, mkazo wakauacha palepale. Kwao neno linaloishia na r hukazwa mwisho. Linalokataa hubandikwa alama, ndiyo ile juu ya ú. Sisi, bila alama yoyote, su-KA-ri. Halafu zaituni: Mwarabu zay-TUN, Mhispania a-cei-TU-na, Mswahili zai-TU-ni. Wote watatu TU! Mbishi gani atapata la kusema hapo?

2. Mtu. Silabi ni mbili, m-tu, na mkazo umeikalia m. Wewe kijana unayesema mu-tu, funga midomo, ivumishe m puani, ndipo uachie tu. Umeona? Hakuna aliyeumia.

1. Barabara. Ba-ra-BA-ra ni njia; ba-RA-ba-ra, inayokiuka kanuni, ni sawasawa kabisa. Vivyo hivyo wa-LA-ki-ni ni lakini, na wa-la-KI-ni ni kasoro. Maandishi hayaonyeshi tofauti hii hata chembe, kwa hiyo ujumbe wa simu haumfundishi mtoto. Sauti yako ndiyo inayomfundisha. Wazazi wa Ruwi na Seeb, zungumzeni na watoto wenu Kiswahili mezani, tena kwa sauti. Mjaribu wako leo hii: aseme "barabara ya Seeb imejengwa barabara." Akizikaza zote mahali pamoja, mpeleke kwa bibi yake wikiendi nzima.